Tonge la Mgeni

Asubuhi kaka yangu alipoitwa kutengeneza friji la ile baa mpya, nilikuwa kibarazani napiga pasi marinda ya sketi za shule, na nilicheka mpaka nikajiunguza kidole. Baa yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la rangi, si mbali na kwetu, na watu walikuwa wameshaipa jina lao: Zizini. Hawakupika nyama. Samaki hapana, yai hapana, hata tone la maziwa halikupita mlangoni. Mtu anaagiza bia yake baridi, analetewa sahani ya viazi na maharage, au mkate uliojazwa uyoga, na anatakiwa ashukuru.

"Tangu lini mlevi na mbuzi wakala hori moja?" nilimwuliza.

"Friji haliulizi umeweka nini ndani," alijibu kaka. Akabeba mkoba wake wa vifaa, akaenda.

Sikumtania zaidi, maana siku hizo kumwona anatoka nje tu ilikuwa neema. Mkewe, wifi yangu, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia kwa homa iliyoanza kama mzaha, na tangu tulipomzika kaka alikula kama mtu anayemeza dawa. Walikuwa na binti mmoja wa miaka saba, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Nyumba zetu zilishikana ukuta. Mimi sina mume wala mtoto, ni fundi wa cherehani, kwa hiyo nilimwogesha, nilimlisha na kumshonea. Kaka nilimwachia Mungu. Hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba atamfuata mkewe, na Chiriku atabaki hana baba wala mama.

Alirudi mchana, macho mekundu. Aliketi kwenye benchi langu la wateja na kujifuta uso kwa dole gumba, akabaki na doa la oili shavuni. Dole hilo lilikatwa zamani na feni ya friji, na kovu lake lilipita katikati kama mstari wa chaki.

"Umelia?"

"Nimekula," alisema.

Akanieleza. Alipomaliza kazi, mhudumu wa baa alimkalisha na kumwuliza swali ambalo hakulitarajia. Hakumwuliza atakula nini. Alimwuliza, "Nani alikuwa anakupikia?" Kaka akajibu bila kufikiri: mke wangu. Basi akaletewa maharage. Na maharage yale yalikuwa na kitunguu kilichoungua.

Hapo niliweka pasi chini. Hakuna mpishi anayeunguza kitunguu kwa makusudi, lakini wifi yangu alikiunguza siku zote. Alikuwa akishatia kitunguu kwenye mafuta, anamvuta Chiriku katikati ya magoti yake na kuanza kumsuka. "Ngoja nimalizie mstari huu mmoja," anasema, na huku nyuma sufuria inafuka moshi. Tulimtania kwa hilo mpaka akaingia kaburini. Nyumba ile ilikuwa na harufu ya kitunguu cheusi kidogo, na nywele za mtoto zilinukia hivyohivyo akienda shule.

"Ulimwambia mpishi habari za kitunguu?"

"Nimwambie ili iweje? Nilikwenda kutengeneza friji."

"Basi tengeneza na la kwangu," nilisema. Friji langu lilikuwa likigonga usiku na mchana kama mtu anayebisha hodi, na kila nikimwomba alitazame, jibu ni kesho. Dada wa fundi friji ndiye anayekunywa maji ya moto. Siku hiyo pia alisema kesho, ila alitabasamu, na mimi nikashukuru kwa hilo tabasamu.

Akaanza kwenda Zizini kila mchana. Mashavu yakajaa. Nikasema hapana, hili lazima nilione kwa macho yangu, nikafunga cherehani nikamfuata.

Palikuwa pasafi, madirisha wazi, jua limejaa mezani. Hapakuwa na muziki. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, baa iliyojaa watu na hakuna hata mmoja anayepiga kelele. Kila mtu alikuwa ameinamia sahani yake. Niliona watu watatu au wanne ninaowafahamu, mmoja wao muuza nyama wetu, yeye aliyekuwa wa kwanza kuwatukana watu wa Zizini. Alikuwa anakula uji wa dengu kwa kijiko kidogo, na machozi yanadondoka kwenye bakuli.

Mhudumu alikuwa jitu la mtu, aproni imembana. Akaniinamia na kunong'ona, "Nani alikuwa anakupikia?"

"Mama," nilisema, nikicheka.

Nililetewa viazi vya kupondwa. Tonge la kwanza lilinikamua masikio kwa ndimu. Mama yetu uzeeni alipoteza harufu, akawa anakamulia ndimu kila kitu apate kuhisi chochote, hata viazi. Ni mimi na kaka tu tunaojua. Nilikula, machozi yakanidondoka, nikaendelea kula. Nilipomaliza niliifuta sahani kwa mkate kama nilivyoona wengine wanafanya. Nilimkumbuka mama kwa upendo na nikamwacha alale. Sikujua kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Kaka yeye hakufuta sahani. Alisogeza tonge la mwisho ukingoni, akaweka kijiko chini.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwetu hatukombi sahani. Tulikuzwa hivyo. Mama alituambia, "Anayechelewa naye ana tumbo," kwa hiyo tonge la mwisho linasogezwa pembeni na kuachwa, tonge la mgeni, hata kama hakuna mgeni aliyetarajiwa na hata kama wewe mwenyewe hujashiba. Asubuhi wanapewa kuku. Kaka alimfundisha mkewe, mkewe akamfundisha Chiriku. Mimi nilikuwa nimeikomba sahani kwa sababu ya machozi tu.

"Malizia, fundi," alisema mhudumu. "Hapa sahani inarudi tupu."

"Hilo ni la mgeni."

"Siku zote unamaliza."

"Siku zote nilikuwa na njaa," alisema kaka. "Leo nimeshiba."

Kisu kilichokuwa kinakatakata jikoni kikanyamaza. Mpishi akatoka. Ni mwanamke mwembamba wa umri wangu, kitambaa cha mikono begani. Aliitazama sahani, akamtazama kaka. "Umemwachia?" aliuliza, sauti ya chini.

"Nimemwachia."

Mpishi hakubisha. Alichukua ile sahani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Akaiweka kwenye meza ya peke yake karibu na mlango wa nyuma, akaifunika kwa sahani nyingine. Muuza nyama aliinuka, akaacha bia yake na kuondoka.

Niliona ni vituko vya watu wa majani. Nilifikia kuwaza kwamba pengine wanatia kitu kwenye chakula, nyama ya kificho au dawa ya kulevya. Laiti ingekuwa nyama.

Jambo la kwanza kubadilika nyumbani kwa kaka lilikuwa hilohilo. Alipiga marufuku nyama. Nilileta mchuzi wa mifupa kwa ajili ya Chiriku, akanizuia mlangoni. "Isiingie humu," alisema. Nilimwuliza kama ameoa Zizini. Hakucheka. Alisimama pale mpaka nikageuka na bakuli langu.

Kisha nikaanza kusikia harufu. Ukuta wetu ni mwembamba, na chakula cha jirani unakijua kabla hakijaiva. Mchana, kaka akiwa kazini na mtoto akiwa shuleni, harufu ya kitunguu kilichoungua ilikuwa inapenya. Nilikwenda na ufunguo wa akiba. Jiko lilikuwa la baridi. Sufuria zilikuwa zimefunikwa. Harufu ilikuwepo.

Sketi za Chiriku zikaanza kumpwaya. Mtoto ambaye nilikuwa nikimwongezea kiuno kila muhula, sasa nilipunguza. Nikapunguza tena. Nilimwuliza kaka mtoto anakula nini, akasema anakula vizuri, hata anaongeza. Na kweli sahani zake zilirudi zikiwa tupu. Lakini mifupa ya mabega ilikuwa inasukuma shati, na ule mdomo wa Chiriku ukaanza kupungua maneno. Akirudi shule alikuwa akikaa kibarazani kwangu, mikono mapajani, kimya kama mzee.

Siku moja alikuja amesukwa.

Mistari myembamba, imenyooka, imekutana utosini. Kaka hajui kusuka hata kamba. Mimi husuka mistari minene, tena inapinda, na Chiriku hunicheka. Nilimgusa kichwa. Nywele zilikuwa na ubaridi, na zilinukia kitunguu.

"Nani amekusuka?"

Aliangalia chini.

"Chiriku. Shangazi anakuuliza."

"Mama," alisema.

Nilijiambia mtoto ana huzuni, mtoto anaota, jirani fulani amemsuka. Mtu akiogopa hutunga sababu haraka kuliko mwanasheria. Mchana wa siku iliyofuata nilimpakulia wali na njegere nyumbani kwao, nikaketi kumtazama anavyokula. Jua lilikuwa linapiga sakafuni. Nje wauza maji walikuwa wanapita. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa.

Aliinua kijiko. Hakukipeleka mdomoni. Alikipeleka kulia kwake, mahali pasipo na mtu, akakiinamisha kidogo. Kijiko kikarudi kitupu. Sakafuni hapakuanguka hata punje.

"Unafanya nini?"

"Namgawia."

"Unamgawia nani?"

Aliweka kidole mdomoni. "Usiseme kwa nguvu, shangazi," alinong'ona. "Akisikia anaongelewa, anakaza nywele."

Akainua kijiko cha pili. Kikaenda kulekule. Kikarudi kitupu.

Nikasimama. Kiti kikapiga kelele. Na pale pale kichwa cha mtoto kikavutwa nyuma, kidogo tu, kama kinavyovutwa cha mtoto anayesukwa. Nyusi zikapanda. Hakulia. Alikuwa amezoea.

Jiko lilikuwa la baridi. Harufu ikajaa chumba kizima.

Nilimbeba mtoto mikononi nikatoka naye. Alikuwa mwepesi kama nguo ambayo haijatiwa bitana.

Jioni hiyo nilimngoja kaka mlangoni. Nilidhani nitamweleza jambo asilolijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkoba chini.

"Najua," alisema. "Nilimwachia, akaja. Kila siku namwachia."

"Kaka, yule amekufa!"

"Anamsuka mtoto wake. Kuna ubaya gani mama kumsuka mtoto wake?"

"Anamla mtoto wake. Mtazame!"

"Hamli. Anakula naye." Sauti yake ilikatika hapo, maana na yeye ana macho. Alishika fremu ya mlango. "Dada, nimtoe vipi? Nimwambie nini? Toka?"

Nilimpenda wifi yangu. Alinipa kitambaa changu cha kwanza cha kushona, akanikalisha kwenye cherehani ya mkopo akasema wewe una mkono. Lakini wahenga walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu wetu hakuwa mgeni wa kushika jembe. Nililala na Chiriku kwangu. Nilimpikia mchuzi wa nyama, usiku ule hakusumbuliwa. Asubuhi alianza kulia anamtaka mama yake. Alilia mpaka akakimbilia kwao, na nilipofika alikuwa ameshaketi mezani, mistari imesukwa upya.

Nikaenda Zizini kabla hawajafungua. Mpishi alikuwa anamenya viazi karibu na mlango wa nyuma. Nilikuwa nimejipanga kumtukana, nikajikuta nimeketi kwenye kreti la bia namwomba.

"Kwa nini hampiki nyama?" Hilo ndilo lililotoka kwanza.

"Sufuria moja haibebi wafu wawili," alisema. "Ukiweka mnyama, yule wako haji. Ukiweka majani matupu, anapata nafasi ya kutia mkono. Anakuja, anapika, unakula unamaliza, anaondoka. Watu wanapata kulia kidogo. Ndiyo kazi yetu."

"Na usipomaliza?"

Aliendelea kumenya. "Mimi sionji chakula changu. Hata chumvi sionji. Unafikiri ni kwa nini?"

"Dada yangu, mtoto anaisha. Nisaidie."

"Mimi siwezi. Wala wewe. Aliyemkaribisha ndiye wa kumsindikiza." Aliweka kisu chini na kunitazama kwa mara ya kwanza. "Aje hapa mchana. Ale, asiache kitu, mgeni aone kwamba chakula kimekwisha. Kisha amsindikize mpaka mlango huu. Asimwambie karibu tena. Na asivuke kizingiti. Mwambie hilo mara mbili. Watu wakiwapenda wageni wao, wanasindikiza mbali."

Kaka alikataa. Alikataa siku ile, akakataa na iliyofuata. Kisha Chiriku akaanguka shuleni, wakati wa mapumziko, mbele ya wenzake. Mwalimu alimleta akiwa amembeba mgongoni. Zahanati walisema damu imepungua, wakaandika vidonge, wakauliza kama nyumbani kuna chakula. Kaka alisikia swali hilo. Alisimama katikati ya wagonjwa akaficha uso kwa mikono yake myeusi.

Asubuhi ya kesho yake aliinama kitandani kwangu alipokuwa amelala mtoto. Akamshika shavu. "Baba anatoka kidogo," alimwambia. "Narudi sasa hivi."

"Usichelewe," alisema Chiriku.

Tukamwacha na jirani. Nilimwambia lile la kizingiti si mara mbili, nilimwambia njia nzima.

Zizini walikuwa wanatungoja. Siku hiyo mhudumu hakuuliza swali. Mpishi alileta sahani mwenyewe, akaiweka mbele ya kaka, akavuta kiti cha pembeni yake kikae wazi. Mimi niliketi ng'ambo.

Maharage. Kitunguu kilichoungua.

Kaka alikula polepole. Alikuwa analia na kutafuna. Hakuna aliyemtazama. Wote pale waliinamia sahani zao, ila vijiko havikuwa vinatembea.

Likabaki tonge la mwisho. Mkono wake ukalisogeza ukingoni. Nadhani hata hakujua kama unasogeza. Tonge likakaa pale, na kijiko kikaenda chini.

"Chiriku," nilinong'ona.

Alifumba macho. Akalichukua. Akameza. Akafuta sahani kwa mkate, pande zote, mpaka ikang'aa.

"Kimekwisha, mama Chiriku," alikiambia kile kiti.

Kiti kikarudi nyuma. Kidogo tu. Kama mtu anapoinuka.

Kaka naye akainuka. Akapinda kiwiko chake, akaanza kutembea. Alipita kaunta. Alipita jikoni. Nilikwenda nyuma yake. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, jua limejaa uani. Akasimama kwenye kizingiti. Hakuvuka. Moyo wangu ukapumua.

"Kwa heri," alisema. Si karibu tena. Alisema vizuri.

Halafu nikaona mkono wa shati lake.

Mimi nashona nguo. Najua kitambaa kinavyojikunja mtu akikaa, akibeba, akishikwa. Kwenye kiwiko cha kaka kulikuwa na mikunjo minne, imekazana, na mmoja kwa upande wa pili.

"Kaka, mwache!"

Aligeuka akanitazama. "Namsindikiza tu," alisema. "Nitazamie Chiriku. Narudi sasa hivi."

Akavuka.

Mpaka leo sijui kama alivutwa au alikwenda. Nilifika mlangoni kwa hatua chache. Ua lile lina ukuta pande zote, mrefu kuliko mtu, na halina geti. Kulikuwa na makreti, maganda ya viazi, na pipa la maji. Hapakuwa na mtu. Mpishi alikuja akasimama nyuma yangu, akafunga mlango taratibu. "Nilikwambia umwambie mara mbili," alisema.

Polisi walikuja, wakapanda ukuta, wakafukua ua. Walinihoji mimi kuliko walivyowahoji wale wa baa. Watu walisema amekimbia huzuni, amekwenda kuanza maisha mbali, na wengine walisema mengine nisiyopenda kuyarudia. Mkoba wake wa vifaa ulibaki chini ya meza. Nilipokwenda kuuchukua nilikuta Zizini pamefungwa, na mwenye duka la rangi akaniambia wamehama, hajui wapi. Nilitaka kumwuliza yule mpishi jambo moja zaidi. Sikumpata tena.

Lakini Chiriku alipona. Hilo siwezi kulikana, na kila asubuhi nilimshukuru kaka kwa hilo huku namlilia. Nilimhamishia kwangu. Harufu ilikoma. Nilimsuka mistari yangu minene iliyopinda, akanicheka, na siku aliponicheka nilijifungia chooni nikalia. Mdomo ukarudi. Mashavu yakarudi. Nilimshonea sketi mpya mwanzo wa muhula, kiuno kimejaa vizuri, na nilipomaliza kushona kile kifungo cha pembeni nilikibusu kama mwendawazimu.

Nikaweka sheria. Nyama inapikwa kila siku katika nyumba hii, hata kama ni utumbo, hata kama ni mfupa wa kuunga tu. Na sahani inakombwa. Nilisimama juu ya kichwa chake kama askari. Akiniuliza mbona bibi alisema tuache tonge, namwambia bibi alikuwa na kuku, sisi hatuna.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye cherehani asubuhi, nikasikia kitu nisichokielewa. Niliondoa mguu kwenye pedali nikasikiliza. Kulikuwa kimya. Ilinichukua muda kujua ni kimya cha nini. Friji langu lilikuwa limeacha kugonga.

Nilidhani limekufa. Nilikwenda nikalifungua, na baridi ikanipiga usoni kama ambavyo haijawahi kunipiga. Maji yalikuwa yameganda kwenye chupa. Nyuma ya mboga, shelfu ya chini kabisa, kulikuwa na kisahani cha plastiki. Kitupu, kimekombwa. Kwenye ukingo wake kulikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi ya oili, na katikati yake umepita mstari usio na rangi.

Kando ya kisahani kulikuwa na karatasi imekunjwa. Niliifungua. Vipande vya nyama, vidogo vidogo, vimetolewa kwenye mchuzi na kusafishwa.

"Chiriku," niliita. Sikuitambua sauti yangu. "Hii sahani ya nani?"

Alikuwa mlangoni anavaa soksi za shule. "Ya baba," alisema. "Si alisema anarudi sasa hivi? Na anayechelewa naye ana tumbo."

"Na hii nyama?"

"Baba hali nyama siku hizi, shangazi." Alisema kwa huruma, kama anamweleza mtu asiyesoma.

Nilimwambia aje nimrekebishe shati. Alikuja. Sketi ilikuwa imemzunguka, kifungo cha pembeni kimefika kwenye kitovu. Nilitia vidole viwili kiunoni. Nikatia mkono mzima.

Aliyemkaribisha ndiye wa kumsindikiza. Mpishi alisema hivyo, kwenye mlango ule, akiwa ameweka kisu chini. Nilipiga magoti sakafuni nimemshika mtoto wa kaka yangu kiunoni, naye ananitazama, ananingoja nimwachie aende shule. Nyuma yetu friji lilikuwa linanguruma taratibu, zuri, kama jipya.